Ovataimu ya Mlimani

Kwanza kabisa, ule haukuwa mlima. Nimezaliwa Kagera, nimekulia kwenye miteremko ambayo ukidondosha chungwa mlangoni kwako unaliokotea kwa jirani, kwa hiyo naomba niaminiwe. Kile kilikuwa kichuguu kikubwa cha kusini ya Minneapolis, jirani na kitongoji cha Savage, ambacho wakati wa baridi watu huteleza juu yake kwenye theluji na wakati wa joto huota nyasi tu. Ukisimama kileleni unaona maegesho ya magari, unaona barabara kuu, na ukikaza macho unaona duka la vifaa vya ujenzi na watu wakipakia mbao. Lakini bango la getini lilitangaza mashindano ya enduro ya milima mirefu, tena kwa herufi zilizochorwa zikiwa na theluji kichwani, mwezi wa nane, jua likituunguza visogo. Nilisaini fomu ya kukiri kwamba nikifa ni shauri langu, nikapewa namba ya kufunga mbele ya baiskeli.

Enduro, kwa wasioijua, ni mashindano ya baiskeli ya watu wavivu wenye roho ngumu. Kupanda hakuhesabiwi. Unapanda taratibu, unaisukuma baiskeli ukipenda, unapiga soga, hakuna anayekuuliza. Kinachohesabiwa ni kushuka tu. Siku ile vipande vya kushuka vilikuwa vinne. Juu ya kila kipande kulikuwa na mtu mwenye saa, mnaachiwa mmoja mmoja kila baada ya nusu dakika, mnateremka kwenye kijia cha mawe na mizizi, na chini yupo mwingine wa kusimamisha saa. Mwisho vipande vyako vinne vinajumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, nikasema kumbe kuna mchezo ulioundwa kwa ajili yangu.

Maana mimi baiskeli niliijulia kwenye wizi. Ilikuwa ya baba mdogo, kubwa, nyeusi, nzito, na miguu yangu haikufika kwenye pedeli nikikaa kwenye kiti. Kwa hiyo nilipitisha mguu katikati ya fremu, kiuno upande huu, baiskeli upande ule, nikashuka nayo mteremko wa kisimani nikipiga mayowe. Breki haikuwepo. Breki ilikuwa wayo wangu kwenye tairi la mbele. Nilichapwa mara tatu kwa sababu ya baiskeli ile, mara mbili na mama yangu na mara moja na baiskeli yenyewe. Nilipoanza kukua nikaambiwa basi, msichana mkubwa hapandi baiskeli. Nikaacha, kwa sababu enzi hizo nilikuwa na adabu.

Miaka ikapita, nikaja Minnesota kusoma, nikaishia kwenye kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Plymouth, nikaolewa na kijana wa kwetu, tukapanga nyumba Champlin. Mtoto wetu wa kike alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, kwenye baridi ile ambayo pua inaganda kabla hujafunga mlango wa gari. Nilikaa ndani miezi mitatu nikinyonyesha na kutazama theluji. Nililia bila sababu. Siku moja nililia kwa ajili ya soksi iliyopotelewa na mwenzake. Daktari alikuwa na jina refu la hali ile. Mimi niliiita Februari, na iliendelea mpaka mwezi wa nne.

Niliporudi kazini, mwenzangu mmoja, mama wa Kizungu wa miaka hamsini na kitu anayewafanyisha wazee mazoezi ya viungo, alinikuta nalia kwenye chumba cha mashuka. Hakunipa pole wala hakunikumbatia. Aliniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Jumamosi iliyofuata akanipeleka kwenye njia za mtoni, akanipa baiskeli yake ya zamani yenye shokapu mbele na nyuma na breki ambazo ukizigusa tu zinashika. Mimi nisiyezoea breki nilizigusa kwa nguvu zote, nikaruka juu ya usukani, nikatua kwenye tope kifudifudi. Nikaanza kucheka, nikashindwa kunyamaza. Nilirudi nyumbani na tope mpaka kwenye meno, na mume wangu akasema hajaniona nikicheka hivyo tangu harusi yetu. Sikumwambia kwamba hata siku ya harusi sikucheka hivyo.

Mwezi wa sita akaja mama mkwe.

Alikuja kutulelea mtoto kwa miezi sita, na bila yeye ningelazimika kuacha kazi, kwa sababu mume wangu alikuwa akifanya kazi ghalani, Savage, siku sita za wiki, Jumamosi ikiwemo. Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mnyoofu, mwenye sauti ambayo haijawahi kupandishwa kwa sababu haijawahi kuhitaji. Ndani ya nyumba alivaa sweta mbili kwa ajili ya kiyoyozi. Ndizi za dukani alizipika kwa huruma, akasema hizi zimechumwa zikiwa bado zinaota ndoto.

Kwetu mkamwana humsalimia mama mkwe kwa kupiga magoti. Hilo halijadiliwi, iwe Muleba au Champlin, iwe kwenye udongo au kwenye zulia la nyumba ya kupanga. Na salamu za mama mkwe wangu haziishi upesi. Utaulizwa umeamkaje, mtoto kaamkaje, mume je, kazini hawajambo, majirani hawajambo, hao majirani ambao hatukuwajua hata majina. Aliita salamu kama alivyokuwa akiita mahudhurio darasani, na ukiruka kitu mnarudia. Magoti yangu yalipata sugu mwezi wa saba, na mimi sikulalamika, kwa sababu yule mama alikuwa akiamka kabla yangu kila siku kumwogesha mtoto ili mimi nilale dakika ishirini zaidi. Nilimpenda. Nilimwogopa pia, na sikuona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Wiki yake ya kwanza, tukiwa mezani, alimwona dirishani mwanamke akipita na baiskeli, na mtoto kwenye kigari cha kuvuta nyuma. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Mwanamke aliyezaa," alisema, "anapanda kile kitu. Kizazi chake kinabaki wapi?"

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama maharage.

Kwa hiyo nikasema ovataimu. Nilisema Jumamosi kuna ovataimu kazini, tena ya lazima. Niliona niko kwenye mtego. Akijua kwamba namwachia mjukuu ili nikacheze kwenye matope, atakasirika, atapanda ndege arudi kwao, na akipanda ndege kazi yangu imekwisha, baiskeli imekwisha, na mimi narudi kulilia soksi. Nilikuwa tayari kudanganya kwa ajili hiyo, na nilidanganya vizuri. Mume wangu aliujua ukweli tangu mwanzo. Alichosema ni, "Mimi simo," kauli ambayo wanaume wa ukoo wao hurithishana pamoja na mashamba.

Uongo ukiota mizizi unaanza kuzaa. Mama mkwe aliionea huruma ovataimu yangu. Kila Jumamosi asubuhi alinipakulia ndizi na nyama kwenye hotpoti, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea nguvu za kuwanyanyua wale wazee. Nami nikatoka na hotpoti na baraka, nikaenda kuzilia juu ya gogo kando ya mto na rafiki yangu yule wa kazini. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kula chakula cha ovataimu kitamu namna ile. Nilicheka naye. Kusema kweli nyama ilinikwama kidogo, kisha nikameza, nikaongeza.

Ni yeye aliyeniandikisha kwenye mashindano. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa na woga kiasi kwamba nilipiga magoti, nikasalimia, nikaombewa, nikatoka mbio. Nilikumbuka njiani kwamba hotpoti nimeiacha juu ya meza ya jikoni. Nikasema potelea mbali.

Pale kilimani nilikuta watu mia mbili hivi, na wote wanafahamiana. Walikuwepo wanaume wenye ndevu za kuchana, wasichana wenye misuli ya kuogopesha, mbwa, bia saa tatu asubuhi, na watazamaji wamebeba kengele za ng'ombe, wanazitingisha kumshangilia yeyote anayepita. Nchi nzima ile sikuona ng'ombe aliyefungwa kengele, kumbe kengele zote wamechukua watu. Wengine walikuja wamevaa mavazi ya mzaha. Mbele yangu kwenye foleni ya kupanda alisimama mwanaume mzima amevaa vazi la ndizi, ndizi ya njano kutoka utosini mpaka magotini, amekatiwa tundu la uso. Mtu wa Kagera akiona hivyo hawezi kunyamaza. Nilimwambia kwetu ndizi zinapikwa. Alifurahi sana, akasema yeye angependa mchuzi.

Wanawake wa daraja la wanaoanza tulikuwa saba. Nilikuwa nimefungwa kila kitu cha kufungwa: helmeti ya kufunika uso mzima, miwani ya vumbi, vilinda magoti, vilinda viwiko. Ndani ya mavazi yale hakuna mama wa mtu wala mkamwana wa mtu. Unabaki macho mawili na namba. Kipande cha kwanza nilishuka nikiwa nimesahau kupumua. Cha pili nilipumua. Cha tatu niliachia breki pale ambapo wenzangu walizishika, nikasikia mawe yakikimbia chini ya tairi, nikajikuta napiga mayowe yale yale ya kisimani, na nilipofika chini rafiki yangu alikuwa anarukaruka na simu mkononi. Matokeo ya muda yalikuwa yametoka. Nilikuwa wa tatu.

Wa tatu anapanda jukwaani. Jukwaa lenyewe yalikuwa makreti matatu yaliyogeuzwa, na medali ilikuwa kipande cha gogo kilichotobolewa tundu, lakini niliitaka. Niliitaka vibaya sana. Tangu nimezaa nilikuwa nimepongezwa kwa maziwa yangu, kwa subira yangu na kwa ndoa yangu, na sasa nilitaka kupongezwa kwa kushuka mlima. Nilipanda kwenda kipande cha nne nikiwa najisemesha mwenyewe kama kichaa. Yule wa ndizi alikuwa ameombwa kufunga upya namba yake iliyolegea, akarudi nyuma yangu kwenye foleni. Mtu wa saa akahesabu tano, nne, tatu, nikaondoka.

Kipande cha nne kilianza msituni, kikatoka kwenye nyasi, kikapiga kona mbili kali, kisha kikanyooka mpaka chini. Watazamaji wengi walikuwa kwenye kona ya pili, nyuma ya utepe, na kengele zao. Nilitoka msituni vizuri. Kona ya kwanza niliikata vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nikanyanyua macho kuitafuta kona ya pili, nikaona kitenge.

Kitenge cha zambarau chenye ndege weupe, sweta mbili juu yake, mtoto mgongoni. Mkono mmoja umeshika utepe, mkono wa pili umeshika hotpoti yangu. Nyuma yake mume wangu, mikono kichwani.

Nataka ieleweke kwamba ningeweza kupita. Uso wangu ulikuwa umefunikwa wote. Namba haina jina. Mama mkwe alikuwa anatazama kila anayeshuka kwa uso ule ule wa kusimamia mtihani, na ni dhahiri hakujua ni yupi. Ningepita kwa kasi, nikamaliza, nikapanda kreti langu, ndipo nikaja kujieleza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu hapo na kila nikilifikiria napita. Siku ile vidole vilikamata breki vyenyewe. Baiskeli ikaserereka, nikaiacha ilale kwenye nyasi, na katikati ya kipande cha nne, saa ikiwa inakwenda, mbele ya Wamarekani na kengele zao, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Kengele zikanyamaza. Mama mkwe akainama juu ya utepe, akachungulia ndani ya helmeti.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

Tulikuwa tumesalimiana asubuhi. Nilijua, naye alijua. "Nimeamka salama, mama."

"Mtoto umemwachaje?"

Mtoto alikuwa mgongoni kwake, ananishangaa. "Mzima, mama."

"Na kazini? Hawajambo?"

Ningeweza kusema hawajambo. Ulimi ulikuwa tayari. "Sikwenda kazini, mama."

"Najua. Nimetoka huko."

Msimamizi mmoja akaja mbio na mkoba wa huduma ya kwanza, akidhani nimeumia magoti, akawa ananizunguka akiniuliza nasikia maumivu wapi. Kabla sijamjibu, ndizi akatokea msituni, akapiga kona ya kwanza kwa kelele, akatupita, akageuka kutazama kulikoni, nusura ajigonge kwenye nguzo. Mama mkwe alimfuata kwa macho mpaka chini.

"Yule naye ni nini?"

"Ni ndizi, mama."

"Naona ni ndizi. Amekupita?"

"Ndiyo, mama. Nilimtangulia nusu dakika."

"Kwa hiyo saa inakwenda."

"Inakwenda, mama."

Akanitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kipande chote. Kisha akasema, "Inuka uende. Tutaongea."

Tutaongea. Mtu yeyote aliyelelewa kwetu anajua uzito wa neno hilo. Nikaokota baiskeli, nikashuka kilichobaki bila kuhisi jiwe wala mzizi. Nilikuwa wa sita kati ya saba, na wa saba mnyororo wake ulikatika. Rafiki yangu aliniuliza kama nimeanguka. Nilimwambia nimesalimia. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Mume wangu alinieleza kwa kunong'ona pale kwenye maegesho, huku akijifanya kufunga baiskeli nyuma ya gari. Umeme ulikuwa umekatika ghalani, wakarudishwa nyumbani mapema. Mama akaona hotpoti mezani, akasema mke wako atashinda njaa, nipeleke nikampe mwenyewe. Wakaenda mpaka Plymouth. Dada wa mapokezi akasema huyo Jumamosi huwa hafanyi kazi. Mama Kiingereza anakijua, amekifundisha miaka thelathini. Akageuka, akamtazama mwanawe.

"Ulikaza muda gani bila kusema?" nilimuuliza.

"Sikukaza," alisema.

Kutoka kule kusini mpaka Champlin ni mwendo mrefu. Mtoto peke yake ndiye aliyeongea. Nilikaa nyuma na tope langu nikipanga hotuba. Nilipanga nitubu, niseme baiskeli nimeacha, niseme nitairudisha kesho kwa mwenyewe, nimwombe asiondoke. Nilikuwa nimekasirika pia, siwezi kuficha. Nilikuwa wa tatu. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, nalipa kodi ya nyumba, na nilikuwa napelekwa nyumbani kama mtoto aliyekamatwa mtoni.

Tulipofika alimwogesha mtoto kwanza, akamlisha, akamlaza. Hakuwa na haraka. Mimi nilioga, nikavaa gauni, nikaja jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikaanza kupiga magoti.

"Kaa kwenye kiti," alisema.

Alikuwa hajawahi kuniambia hivyo, wala mbele yangu hajamwambia mkamwana mwingine yeyote. Nilikaa. Nikaanza hotuba yangu, nikaifikisha mpaka pale pa kuirudisha baiskeli.

"Nani amekuambia uirudishe?"

Nikainua macho.

"Umeshuka pale kama umefukuzwa na nyuki," alisema. "Nimeona. Wale wenzako wote waliopita kabla yako walikuwa wanaogopa, wewe ulikuwa huogopi. Sijapenda, lakini nimeona. Kizazi ni chako, utajua mwenyewe. Nilichokuitia ni kingine."

Aligeuka akatazama nje. Nje palikuwa na nyasi, njia ya waenda kwa miguu, na magari yaliyoegeshwa.

"Jumamosi mkiondoka," alisema, "nabaki na mtoto mwenye meno mawili na asiye na neno hata moja. Nakaa hapa. Ratiba ya watu wa hapa naijua yote. Saa tatu anapita mzee mwenye mbwa mweupe. Saa tano anakuja wa kukata majani. Saa nane wale wasichana wawili wanakimbia, wameziba masikio. Siku moja nilimpungia mkono yule mzee wa mbwa, naye akanipungia. Nilifurahi, nikakungoja nikusimulie, ukarudi umechoka, nikasema nimwache apumzike. Jumamosi iliyofuata nikavaa kitenge kizuri nikamsubiri tena. Hakupita."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kwamba yeye hayumo.

"Nikajiambia si neno, mke wa mwanangu yuko kazini, ananyanyua wazee. Nikawa nakuombea, muda unakwenda. Leo nimefika mahali pana watu, wanacheka, wana kengele, wamevaa ndizi. Bibi mmoja amenipa kiti chake nikae, akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Unajua ni nani mwingine ameniuliza jambo tangu nije nchi hii? Hakuna. Na mahali hapo wewe unapajua. Unakwenda kila wiki. Na chakula changu unakwenda nacho, ila mimi unaniacha."

Hotuba yangu yote ilikuwa ya kosa jingine. Wiki zile zote niliogopa kukamatwa, nikawa najiona mjanja, na haikunipitia hata mara moja kichwani kwamba ndani ya nyumba ile, baada ya mimi kufunga mlango, alibaki mtu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya hapo. Nililia, na safari hii sababu niliijua.

"Mama," nilisema, "usiondoke."

Akamtazama mwanawe. "Hukumwambia?"

Mume wangu akatazama viatu vyake.

"Mwezi uliopita nilimwambia abadilishe tiketi yangu, nirudi mapema," mama alisema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mwanafunzi hesabu aliyokosa. "Si kwa sababu ya leo. Leo nilikuwa siijui. Nilichoka tu kukaa."

Tiketi ilikuwa ya katikati ya mwezi wa tisa. Kalenda ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji, nikainuka nikaisogelea, nikahesabu kwa kidole. Jumamosi zilizobaki zilikuwa mbili. Kisha nikafunua nyuma, nikahesabu zile za ovataimu, moja moja, mpaka siku ile ya kwanza niliposema neno hilo nikiwa natazama maharage. Zilikuwa tisa.

Nilibaki nimesimama pale nimempa mgongo, kwa sababu sikuweza kugeuka.

"Jumamosi ijayo ungependa twende wapi, mama?"

"Popote," alisema. "Popote penye watu."